Pedali ya ikwalaiza ya vijiti saba: maoni ya mpiga solo aliyechoka kutosikika

Kuna video ya dakika sita ambayo rafiki yangu aliichukua kwa simu akiwa amesimama mwisho wa ukumbi. Inapofika dakika ya tatu na ushee naonekana nimefumba macho, kichwa nyuma, vidole vimepanda hadi freti ya 15, uso umekunjamana kama wa mtu anayeng'olewa jino. Sauti yangu haipo. Besi ipo, kinanda kipo, matoazi yapo mpaka yanaudhi. Gitaa la ridhimu linasikika kuliko langu, na yule bwana wakati ule alikuwa anapiga kodi (chords) mbili tu. Tulipoitazama pamoja, mpiga besi wetu akaniuliza, "Kaka, hapo ulikuwa unapiga au unapapasa nyuzi?"

Na amplifaya siku ile niliifungua hasa. Jukwaani nilikuwa najisikia vizuri, tena nilidhani nimezidisha. Ndiyo maana sikukimbilia kutafuta amplifaya kubwa zaidi. Kutoka wati 50 kwenda wati 100, mengine yote yakibaki vilevile, unapata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, ilhali sikio huona sauti imekuwa kubwa maradufu inapoongezeka kama desibeli 10. Ningebeba mzigo mzito ili nisikike kidogo zaidi, halafu kila mtu jukwaani naye angepandisha chake kunijibu. Nikanunua pedali ya ikwalaiza iliyokwisha kutumika, kile kifaa cha kukanyaga kinachopandisha au kushusha sauti nene, za kati na kali, kila moja peke yake. Tuna miezi kumi sasa, mimi na yeye, na ninayo ya kusema.

Jina la mtengenezaji silitaji. Niliipata mkononi mwa mtu, imeshakanyagwa vya kutosha, na baadhi ya kasoro nitakazozisema huenda ni za viatu vya mwenyewe wa kwanza, si za kiwandani. Lakini muundo wake ni ule ambao wapiga gitaa wengi wanaujua tangu kampuni ya Boss ilipotoa pedali yake ya GE-7 mwaka 1981: kiboksi cha chuma kinachoenea kiganjani, vijiti saba vya kusukuma juu na chini, na cha nane pembeni cha kuongeza au kupunguza sauti yote kwa pamoja. Vijiti saba vinashika hezi (mitetemo kwa sekunde: namba ndogo ni sauti nene, kubwa ni kali) 100, 200, 400, 800, 1,600, 3,200 na 6,400, na kila kimoja hupanda au kushuka desibeli 15. Umeme ni volti 9, betri au adapta. Unaikanyaga inawaka, unaikanyaga tena inazima. Haikuja na karatasi ya maelekezo, nami nikajiambia, kitu chenyewe vijiti vinane, maelekezo ya nini?

Jioni ya kwanza niliichomeka kati ya gitaa na amplifaya, mahali ambapo karibu kila mtu huanzia. Amplifaya yangu ni ya valvu na mimi hupigia chaneli ya mkwaruzo (distortion). Nikapandisha kijiti cha nane desibeli 10, nikajiandaa kwa kishindo. Mkwaruzo ukaongezeka, noti zikawa ndefu, zikanata kama ulimbo. Ukubwa wa sauti haukusogea. Nikapandisha tena. Ulimbo ukazidi, na mvumo nao ukaja.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba pedali haikuwa na kosa. Ndoo ikishajaa, ukimimina zaidi maji hayapandi, yanamwagika. Chaneli ya mkwaruzo ni ndoo iliyojaa: ule mkwaruzo tunaoupenda hutokea kwa sababu vilele vya mawimbi ya umeme vimekatwa, na kilele kilichokatwa hakipandi tena hata ukikisukuma vipi kutoka nyuma. Kwa hiyo chochote unachoongeza mbele ya mkwaruzo huongeza mkwaruzo. Ukitaka ukubwa wa sauti, ongeza baada yake.

Siku ya pili nikaigeuza amplifaya. Nyuma ina matundu mawili: moja la kutolea sauti ikishapita hatua ya mkwaruzo, jingine la kuirudisha kabla ya hatua ya mwisho inayosukuma spika. Nimekuwa nayo miaka minne na matundu yale yalikuwa na buibui. Nikapitisha pedali humo, nikasahau kwamba kijiti cha nane bado kiko juu, nikakanyaga. Mwimbaji wetu aliziba masikio kwa mikono miwili, kisha akaniangalia kwa jicho ambalo sina haja ya kulieleza. Hapo ndipo nilipojua nimefika.

Kama mkwaruzo wako unatoka kwenye pedali na amplifaya yenyewe iko safi, huhitaji matundu ya nyuma. Panga ikwalaiza ifuate pedali ya mkwaruzo, basi. Na kama unatumia matundu, angalia nguvu ya sauti inayotoka humo. Baadhi ya amplifaya hutoa umeme mwingi kuliko pedali ya volti 9 inavyoweza kumeza, nayo huanza kukwaruza yenyewe, mkwaruzo mkavu usio na ladha. Yangu ina kiswichi cha kupunguza. Nilikishusha, ikatulia.

Kazi yenyewe sasa ikawa kwenye vijiti. Niliwaomba wenzangu wapige mzunguko mmoja wa kodi nne bila kusimama, nami nikarudia mstari uleule wa solo, na baada ya kila mzunguko nikainama na kusogeza kijiti kimoja kwa ncha ya plektramu, kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi, upana wa ukucha tu. Mpiga dramu alivumilia mizunguko ishirini na kitu, halafu akaanza kupiga kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa umeshika simu.

Nilianzia chini. Uzi mnene wa gitaa ukiachwa wazi hutoa takriban hezi 82, na uzi mnene wa besi hezi 41. Maana yake, kwenye hezi 100 gitaa, besi na dramu la mguu wote wanagombania mlango mmoja. Lakini solo zangu hazikai huko. Uzi mwembamba kwenye freti ya 12 ni hezi 659, na kwenye freti ya 22 unapita 1,170. Kule chini gitaa la solo halina mali, lina kishindo cha kiganja na mvumo wa umeme tu. Nikashusha kijiti cha 100 desibeli 6 na cha 200 desibeli 3. Mpiga besi, ambaye hakuambiwa lolote, akainua kichwa. "Umefanya nini? Mbona leo najisikia?"

Hezi 400 ni sauti ya mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa. Nilipandisha, nikashusha, mwisho nikairudisha katikati na kuiacha.

Utajiri uko kwenye 800 na 1,600. Kijiti cha 800 kilipopanda desibeli 4, gitaa likapata kifua. Cha 1,600 kilipopanda 5, likapata ulimi: nikaanza kusikia plektramu inavyougusa uzi, ile "ta" fupi inayotangulia noti. Wakati huo kijiti cha nane kilikuwa katikati, sijaongeza ukubwa hata chembe, lakini mpiga kinanda akadhani nimepandisha amplifaya. Hiyo "ta" ndiyo iliyokuwa inafia njiani kabla ya kufika mwisho wa ukumbi. Noti ikisikika mwanzo wake, sikio huifuata yenyewe hadi inapoisha, hata kama katikati matoazi yamepita juu yake.

Kwenye 3,200 nilijidanganya kwanza. Nilipandisha 6 na nikafurahi sana, kwa sababu sikio la binadamu lina makali kati ya hezi 2,000 na 5,000 na kila kinachoongezwa hapo hujitangaza. Ila hapohapo ndipo zilipo konsonanti za mwimbaji, zile "s" na "t" na "k" zinazofanya maneno yaeleweke. Solo yangu ya mwisho wa wimbo hupita juu ya kiitikio, na kiitikio kikawa vokali tupu. Sasa kijiti hicho kiko juu desibeli 1, kwa adabu. Cha 6,400 kwa gitaa langu ni pambo. Spika ya gitaa ya inchi 12 huanza kukata tamaa ikishapita hezi 5,000 hivi, kwa hiyo ukikipandisha unapata "shhh" na si muziki. Nimekishusha 4, na shhh imepungua.

Baada ya yote hayo ndipo nikagusa kijiti cha nane. Desibeli 3. Zile 10 za siku ya kwanza hazikuhitajika tena.

Nikaenda nayo nyumbani, nikapiga peke yangu kwa sauti ya chini, nikataka kulia. Gitaa lilikuwa linasema kwa puani kama mtu mwenye mafua. Nikashusha sauti za kati, nikapandisha besi na zile kali, likawa tamu tena, na mazoezi yaliyofuata sikusikika. Hilo nililirudia mara tatu kabla sijakubali. Fletcher na Munson, watafiti wa Bell Labs, walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo sikio husikia besi na sauti kali sana kwa shida kuliko zile za kati, na sauti ikikua tofauti hiyo hupungua. Ndiyo maana chumbani, ukipiga taratibu, mkono unajiendea wenyewe kuongeza pande mbili na kuchimba katikati. Ukizipeleka alama zilezile ukumbini, besi inanguruma, ukali unatoboa, na pale katikati, ambapo gitaa linaishi, pana shimo. Siku hizi pedali hii haisogezwi kijiti nikiwa peke yangu. Nimejikataza.

Je, unaihitaji? Inategemea mambo ambayo unayo tayari. Volyumu ya gitaa lenyewe ni pedali ya bure. Wapo wanaopiga ridhimu wakiwa wameiweka 6 au 7 na kuifungua yote kwa solo, na kwa amplifaya safi inafanya kazi vizuri tu. Kwa yangu ya mkwaruzo, kuifungua kunarudisha hadithi ya ndoo. Tena ukiipunguza volyumu, sauti kali nazo hupungua, kwa sababu ukinzani wa poti, kile kifaa kilicho chini ya kitufe cha volyumu, ukichanganyika na waya mrefu hugeuka chujio. Kapasita ndogo inayochomelewa kwenye miguu miwili ya poti ya volyumu hupitisha ukali huo kando, na ni kazi ya dakika kumi kwa anayejua kushika chuma cha kuchomelea. Mimi nilitoboa soli ya kiatu.

Toni nayo wengi huiacha kwenye 10 maisha yote. Kwa pikapu ya karibu na daraja — pikapu ya gitaa, kinasa mtetemo wa nyuzi, si ile ya kubebea mchanga — mimi huirudisha hadi 7 wakati wa solo. Hapo ukali unaokata unaondoka na ile 1,600 ya pedali inabaki na kazi yake. Gitaa lako likiwa na pikapu za koili moja, zenye poti za kilo-omu 250, poti hizo zenyewe hulainisha ukali kidogo kuliko poti za 500 zinazowekwa kwenye la koili mbili, kwa hiyo usichukue namba yangu kama sheria.

Halafu kuna Tube Screamer ya Ibanez na ndugu zake wengi. Ile pedali ya kijani inapunguza besi na kuinua kinundu karibu na hezi 720, na kwa maoni yangu nusu ya wapiga solo wanaoipenda hawaipendei mkwaruzo, wanakipenda hicho kinundu. Ukiwa na amplifaya iliyo safi au iliyoanza kukwaruza kidogo, inaweza kukutosha bila ikwalaiza yoyote. Tatizo langu nayo ni kwamba kinundu hakihami. Wimbo ukiwa na kinanda kinachokaa palepale kwenye 700, mnagongana na huna pa kukimbilia. Vijiti vinahama.

Jambo moja karibu linifanye niilaumu pedali bure. Amplifaya yangu hukaa sakafuni nami husimama mbele yake, hatua moja. Spika inatazama mapaja yangu. Sauti kali husafiri kama mwanga wa tochi, zinakwenda mbele moja kwa moja, hazipindi kona kutafuta masikio yaliyo juu. Kwa hiyo nilichosikia mimi kilikuwa butu, nikawa naongeza ukali, na watu wa safu ya mbele, wenye masikio usawa wa spika, wakawa wanakunja uso. Nikaiegemeza amplifaya nyuma kidogo ili spika initazame usoni. Ndani ya wimbo mmoja nilikuwa nimeteremsha 3,200 kwa hiari yangu, kutoka 6 hadi 1. Ningekuwa nimefanya hivyo mwaka uliopita, huenda nusu ya maneno haya nisingeyaandika.

Ukumbini penye maikrofoni mbele ya amplifaya, pedali inapata bosi mpya: fundi mitambo. Mara ya kwanza nilimpigia ridhimu wakati wa kupima sauti, akapanga kiwango chake, akaridhika. Solo ilipofika nikakanyaga, taa nyekundu ikawaka kwenye miksa, naye kwa haki kabisa akanishusha, na solo iliyofuata nikawa chini kuliko ridhimu. Sasa namwanzia na solo. "Mkuu, hii ndiyo kubwa yangu kuliko zote," halafu nazima pedali na kumwonyesha ya kawaida. Hakuna aliyewahi kunikasirikia kwa hilo. Mmoja alinishukuru, akasema wapiga gitaa humficha solo kama mahari.

Bendini kuna mtu mmoja ambaye hakuna pedali inayomshinda, na kwetu ni mpiga ridhimu. Gitaa lake na langu ni watoto wa mama mmoja, wana sauti zilezile mahali palepale. Nilipopandisha 800 na 1,600, naye alikuwa amezipandisha kwenye amplifaya yake, kwa sababu na yeye alitaka kusikika, na nani asiyetaka. Tulikaa chini tukiwa na soda, si jukwaani. Akakubali kwamba nikianza solo yeye arudishe volyumu ya gitaa lake kutoka 9 hadi 7 na ashike kodi kwenye nyuzi tatu badala ya sita. Mpiga kinanda naye akaondoa mkono wa kushoto. Usiku huo niliacha pedali imezimwa kwa bahati mbaya kwenye wimbo wa pili, na solo ilisikika. Nilikuja kugundua nilipoangalia chini kuizima.

Kasoro zake sasa. Vijiti vimechomoza, vyembamba, na havina ukaidi wowote: ncha ya kiatu au waya ndani ya begi inatosha kuvihamisha. Usiku mmoja kijiti cha 400 kilisukumwa hadi juu kabisa na nikapiga solo nzima nikiwa ndani ya pipa. Tangu hapo nabandika tepu juu yake kabla ya kuifunga begini. Kitaa chake ni hafifu na mwanga wa jukwaani unakimeza. Ukiipandisha sauti za juu ina kelele ya kufoka, si ya kutisha, ila kwenye wimbo mtulivu utaisikia, na kitufe cha mguuni kinatoa "tak" ndogo ndani ya spika. Ilipokuwa inashiriki adapta moja na pedali ya mwangwi ilivuma pia. Nikaipa chanzo chake cha umeme, mvumo ukaondoka. Betri sikushauri, hufa katikati ya kitu muhimu. Nyota nne kati ya tano, na ya tano wameikalia wale vijiti.

Bado sijamaliza nayo. Tuna nyimbo tatu zenye saksafoni, na saksafoni ile inakaa kwenye 1,600 kana kwamba imelipia kiti. Humo nashusha 1,600 hadi katikati na kupandisha 800 hadi 6. Solo inakuwa nene zaidi na haina ulimi mkali, lakini tunapishana bila kukanyagana. Ili nisikisie, nimechora alama kwenye tepu nyembamba pembeni ya vijiti: bluu kwa nyimbo za saksafoni, nyekundu kwa zilizobaki. Chini ya taa za jukwaani zote mbili zinaonekana nyeusi, kwa hiyo wiki hii nimeanza kuzichonga kwa ncha ya kisu, mkato mmoja kwa nyekundu, miwili kwa bluu, nizipapase kwa kidole.